Mwongozo Kamili wa Kutembelea Ngome na Makasri ya Majini ya Münsterland, Ujerumani

Ukipanda treni ya mkoa kutoka Dortmund kuelekea Enschede, ng'ambo ya mpaka wa Uholanzi, haupiti muda mrefu kabla viwanda na maghala hayajaachwa nyuma, na dirishani huanza kupita mashamba ya mahindi, malisho ya ng'ombe na safu za mialoni mikubwa iliyopandwa kando ya vijia. Hiyo ndiyo Münsterland, eneo la mashambani linalouzunguka mji wa Münster katika jimbo la Nordrhein-Westfalen. Milima hakuna. Vilima vya Baumberge, ambavyo wenyeji huvitaja kwa fahari, havifiki mita 190 kwa urefu. Hata hivyo, katika tambarare hiyo zimesimama ngome na makasri mengi kiasi kwamba njia ya baiskeli inayoyaunganisha imepewa jina la 100-Schlösser-Route, yaani njia ya makasri mia moja, nayo ina urefu wa karibu kilomita 960, ikiwa imegawanywa katika mizunguko minne.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu mwenye siku tatu au nne, anayetaka kuyaona makasri machache kwa makini. Shauri langu kubwa nalitanguliza, kwa sababu mpango wote wa safari unalitegemea: usiweke makasri zaidi ya mawili katika siku moja, ukihesabu yale tu utakayoingia ndani, na kila ufikapo mahali, yazunguke maji kwanza kabla ya kuuendea mlango. Majengo mengi ya Münsterland bado ni makazi ya watu, ofisi au vyuo, na milango iliyofungwa ni mingi kuliko iliyo wazi. Mgeni anayepima mafanikio ya safari kwa idadi ya vyumba alivyoingia atarudi amenuna, ilhali sehemu bora ya makasri haya iko nje, hailipiwi kiingilio, na haina saa ya kufungwa.

Elewa kwanza unachokwenda kukiona

Mahali penye milima, kabaila wa zamani alijenga juu ya mwamba ili adui achoke kabla ya kufika. Münsterland haikuwa na mwamba, ila ilikuwa na maji tele: vijito vinavyotiririka polepole, ardhi ya kinamasi, na maji ya chini yaliyo karibu na uso wa ardhi. Basi wenye nchi walichimba mahandaki mapana, wakayajaza maji kutoka mtoni, wakajenga juu ya kisiwa kilichobaki katikati. Handaki la namna hiyo wenyeji huliita Gräfte, na neno hilo utalikuta kwenye vibao na ramani. Kwa kuwa udongo ni laini, misingi ya majengo mengi ilitandazwa juu ya magogo ya mwaloni yaliyopigiliwa chini, na magogo hayo hudumu karne nyingi mradi maji yasiyaache yakauke.

Mara nyingi utakuta visiwa viwili. Cha kwanza kina kiwanja cha mbele, kiitwacho Vorburg, penye mazizi, maghala, kinu na nyumba za watumishi. Cha pili, kinachofikiwa kwa daraja la pekee, kina jengo kuu alimokaa bwana mwenyewe. Ukiujua mpangilio huu, utaweza kulisoma kasri lolote la eneo hili hata kama hakuna wa kukueleza neno. Vifaa vya ujenzi navyo ni vilevile karibu kila mahali: tofali jekundu kwa ukuta, na jiwe la mchanga la rangi ya asali kutoka Baumberge kwa fremu za madirisha, nguzo na mapambo.

Majina yatakuchanganya usipoyazoea mapema. Burg ni ngome iliyojengwa kwa ajili ya ulinzi, Schloss ni kasri la fahari lililojengwa au kugeuzwa wakati ambapo vita havikuwa tena shughuli ya kila mwaka, na Haus, ambalo kwa kawaida maana yake ni nyumba tu, hapa mara nyingi ni makazi ya kabaila yenye handaki na mnara. Usiliruke jina lolote kwenye ramani kwa sababu limeanza na Haus. Neno Droste, litakalokujia tena na tena, lilikuwa cheo cha msimamizi aliyetawala wilaya kwa niaba ya askofu, kisha likawa sehemu ya majina ya koo.

Askofu huyo ndiye ufunguo wa historia yote. Hadi mwaka 1803 askofu wa Münster alikuwa pia mtawala wa nchi, mwenye jeshi, kodi na mahakama yake. Koo za makabaila zilimtumikia, zikapingana naye, na kila kizazi zilipeleka vijana wao katika baraza la kanisa kuu ili mmoja wao siku moja akalie kiti hicho. Sehemu kubwa ya mali iliyojenga makasri utakayoyaona ilipita katika mikono hiyo.

Chagua msimu na siku za wiki

Nenda kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Oktoba. Wakati wa baridi makumbusho mengi hupunguza saa au hufunga kabisa, bustani hufunika sanamu zao kwa masanduku ya mbao, na jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mei na mwanzo wa Juni ndio wakati ninaoupenda zaidi, kwa sababu rododendroni, vichaka vya maua makubwa, huwa zimechanua na vijia bado havina joto wala vumbi. Yupo pia atakayefaidika kwa kusubiri Jumapili ya pili ya Septemba, siku ya majengo ya kihistoria iitwayo Tag des offenen Denkmals, ambayo Ujerumani nzima imeiadhimisha tangu mwaka 1993. Siku hiyo majengo mengi yasiyoonekana ndani mwaka mzima hufungua milango.

Jumatatu iwe siku ya kusafiri au ya kupumzika. Makumbusho karibu yote hufungwa siku hiyo, na mikahawa ya vijijini huongeza siku moja au mbili za mapumziko iziitazo Ruhetag, ambazo kila mmoja hujichagulia mwenyewe. Jumapili maduka karibu yote ya chakula huwa yamefungwa kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo nunua mkate, matunda na maji Jumamosi.

Kabla ya kuweka tarehe, fungua tovuti ya kila kasri unalotaka kuingia na utafute maneno mawili: Öffnungszeiten, yaani saa za kufunguliwa, na Führung, yaani matembezi yanayoongozwa. Mahali pengine huruhusiwi kuingia ila pamoja na mwongozaji na kwa saa maalumu, na pengine ni kwa vikundi vilivyoandikisha mapema tu. Wakati wa ukarabati, makumbusho yanaweza kufungwa miezi mingi bila kibao chochote barabarani kukuonya.

Vibali na namna ya kufika

Msafiri mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya afya yenye kinga isiyopungua euro 30,000 ni ya lazima. Usiiache hadi wiki za mwisho, kwa kuwa katika miezi ya kiangazi nafasi za miadi huwa adimu. Aliye tayari na kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen hahitaji viza nyingine.

Uwanja wa ndege unaofaa zaidi kwa mgeni kutoka mbali ni wa Düsseldorf. Una stesheni yake, na treni ya mkoa ya RE2 hukufikisha Münster bila kubadili.

Weka makao Münster

Asiye na gari akae Münster, karibu na stesheni kuu, kwa sababu reli nyingi ndogo za eneo hili huanzia au hupitia hapo. Münster ni mji wa baiskeli kuliko mingi ya Ujerumani, na wakazi wake huiita baiskeli Leeze, neno la mitaani ambalo hulisikii kwingine. Mbele ya stesheni kuna jengo la chini ya ardhi la kuegesha baiskeli, Radstation, lenye nafasi zaidi ya 3,000, na hapo unaweza kukodi baiskeli kwa siku au kwa wiki. Kodi yenye gia na breki mbili nzuri, na hakikisha taa zinawaka. Baiskeli ya umeme si ya lazima katika nchi tambarare, ingawa upepo wa magharibi ukivuma usoni kwa kilomita ishirini utaitamani.

Kwa treni na mabasi, tiketi iitwayo Deutschlandticket inatosheleza kila kitu kilichomo katika mwongozo huu. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi na bei imepanda tangu hapo, lakini bado hulipa haraka ukisafiri kila siku. Hairuhusu treni za mwendo kasi. Angalia mambo mawili: ni mkataba wa kila mwezi unaojirudia, hivyo ni lazima uufute kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotaka uishe, na haihusishi baiskeli, ambayo hukatiwa tiketi yake ya siku.

Mabasi ya vijijini yanahitaji neno la pekee, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea. Katika ratiba utaona safari zenye alama ya TaxiBus. Niliisoma kama basi la kawaida, nikasimama kituoni katika mji mmoja mdogo jioni ya Jumamosi, saa yake ikapita, na hakuna kilichokuja. TaxiBus huja tu ikiwa umeipigia simu, kwa kawaida angalau nusu saa kabla. Namba huandikwa chini kabisa ya ratiba kwa herufi ndogo. Siku hiyo nilitembea kilomita saba gizani kando ya barabara ya mashambani, na tangu hapo huziandika namba hizo kwenye karatasi kabla ya kutoka.

Mwenye gari atafika mahali pengi zaidi, hasa upande wa magharibi. Leseni ya Afrika Mashariki iandamane na leseni ya kimataifa au tafsiri rasmi. Zaidi ya kuendesha upande wa kulia, liweke kichwani sharti moja: kwenye njia panda isiyo na kibao chochote, anayetokea mkono wako wa kulia ndiye hupita kwanza. Vijijini njia panda za aina hiyo ni nyingi, na sharti hilo linamhusu mwendesha baiskeli pia.

Adabu, chakula na hela

Kibao chenye neno Privat maana yake ni kwamba nyuma yake kuna watu wanakula chakula chao cha mchana. Usivuke, hata geti likiwa wazi. Pale palipoandikwa Betreten verboten, yaani kuingia ni marufuku, katazo ni kamili. Mfano wa karibu ni ngome ya Burgsteinfurt, mojawapo ya kongwe kuliko zote za majini katika Westfalia, sehemu ya jimbo ambamo Münsterland imo, ambayo bado ni makazi ya ukoo wa wakuu wa Bentheim und Steinfurt: mgeni huitazama kutoka ng'ambo ya maji, na kuingia ndani hupangwa mapema kwa vikundi. Usirushe droni juu ya nyumba za watu, na ndani ya makumbusho uliza kwanza kama picha zinaruhusiwa. Ukikutana na mtu kwenye kijia, salamu fupi ya Guten Tag hupokelewa vizuri. Asiyesalimu hutazamwa kama mtu anayetafuta kitu.

Beba fedha taslimu. Neno lenyewe hela tulilipata kutoka Heller, sarafu ya wakati wa utawala wa Wajerumani Afrika Mashariki, na vijijini kwao hela mkononi bado ina heshima: mikahawa midogo na madirisha ya tiketi mengine hayapokei kadi, au hupokea kadi za Kijerumani pekee.

Katika viwanja vya mbele vya makasri mengi kuna mkahawa, na saa tisa alasiri ni saa ya kahawa na keki, ambayo huku huheshimiwa kama swala. Asiyekula nguruwe awe mwangalifu, kwa kuwa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi ndilo fahari ya Westfalia na huingizwa hata kwenye supu ya mboga na viazi vya kukaanga. Uliza waziwazi: Ist da Schwein drin? Yaani, je, ndani mna nguruwe? Keki nazo wakati mwingine hutiwa pombe, na hilo pia huulizwa bila aibu. Chakula kisicho na mashaka ni Reibekuchen, chapati ndogo za viazi vilivyokunwa, zinazoliwa na rojo ya tufaha, mradi umeuliza mafuta yaliyotumika kuzikaanga.

Siku ya kwanza: Burg Vischering na Schloss Nordkirchen

Siku hii inaonyesha pande mbili za habari nzima, ngome ya woga na kasri la majivuno, zikiwa zimetengana kwa mwendo wa chini ya saa moja wa baiskeli. Ondoka mapema hadi Lüdinghausen. Kutoka Dortmund ni treni moja ya RB51; kutoka Münster utabadili Coesfeld, au utapanda basi la moja kwa moja ikiwa huna baiskeli. Kutoka stesheni hadi Burg Vischering ni kama nusu saa kwa miguu, ukivuka mji.

Ngome hii ilianzishwa mwaka 1271 na askofu Gerhard von der Mark ili kuwabana mabwana wa Lüdinghausen, waliokuwa wamejitwalia uhuru mwingi mno machoni pake. Aliikabidhi kwa msimamizi wake, na ukoo wake ukaja kuitwa Droste zu Vischering. Mwaka 1521 moto uliteketeza jengo kuu, likajengwa upya juu ya misingi ileile, ndiyo sababu umbo la mviringo la zamani limebaki huku madirisha na mapambo yakiwa ya enzi ya Renesansi, mtindo wa karne ya 16.

Usiingie kwanza. Kijia cha kuzunguka Gräfte huanza kando ya kiwanja cha mbele, nacho kinakuchukua polepole upande wa nyuma, ambako ukuta wa tofali unazama moja kwa moja majini bila hata ukingo wa kukanyaga. Simama hapo. Chini, madirisha ni membamba kama nyufa na ukuta ni mtupu. Juu, kadiri macho yanavyopanda, madirisha yanapanuka, na roshani ya jiwe la mchanga iliyochongwa vizuri inajitokeza nje kana kwamba mwenye nyumba siku moja alichoka kuogopa na akataka kutazama bustani yake. Karne tatu za badiliko la mawazo zinaonekana katika ukuta mmoja, na asubuhi tulivu zinaonekana mara mbili, kwa kuwa maji huzirudisha zote hadi kwenye vigae vya paa. Nimepita hapo mara kadhaa, na bado ndipo mahali ninapompeleka kwanza kila mgeni wangu.

Kisha vuka kiwanja cha mbele, tazama mazizi na maghala yake, upite daraja la mbao hadi ua wa ndani, ambao ni mdogo kuliko unavyotarajia. Ndani kuna makumbusho ya wilaya yaliyofunguliwa tena mwaka 2018 baada ya ukarabati mkubwa, yanayoeleza maisha ya makabaila na uhusiano wao na wakulima. Tenga saa moja na nusu. Ukiwa na nguvu, tembea hadi Burg Lüdinghausen, ngome ya wale mabwana waliokuwa wakibanwa, iliyo karibu kiasi kwamba ugomvi wa majirani hao unaeleweka kwa miguu yako mwenyewe.

Mchana endesha baiskeli kuelekea kusini mashariki hadi Nordkirchen. Njia za baiskeli za eneo hili zina vibao vyenye namba za makutano. Andika mfululizo wa namba kabla ya kuondoka, na hutahitaji simu. Vijia vyembamba vinavyopita kati ya mashamba wenyeji huviita Pättkes, na ndivyo bora kuliko barabara kuu.

Nordkirchen huitwa Versailles ya Westfalia, kwa kulinganishwa na kasri la fahari la wafalme wa Ufaransa, na kwa mara moja jina la sifa halijazidi. Ujenzi ulianza mwaka 1703 kwa amri ya Friedrich Christian von Plettenberg, askofu mtawala wa Münster, ambaye alifariki mwaka 1706 bila kukiona alichokianzisha. Ukoo wake ukaendelea hadi mwaka 1734. Michoro ilitoka kwa Gottfried Laurenz Pictorius, na baadaye Johann Conrad Schlaun, mjenzi utakayekutana naye tena kesho, akaendeleza kazi. Kisiwa ni cha pembe nne zilizonyooka, na kila pembe ina kibanda chake cha tofali. Handaki la maji lipo bado, lakini halimzuii mtu yeyote. Limekuwa kioo cha kujitazamia. Ndiyo maana nashauri Vischering itangulie: aliyeliona handaki la woga asubuhi ataielewa zaidi anasa hii ya alasiri.

Leo kasri ni chuo cha serikali ya jimbo kinachofundisha maofisa wa kodi, hivyo usishangae kuona vijana wenye vitabu wakipita chini ya sanamu za baroki, mtindo wa mapambo mengi wa wakati huo. Bustani na misitu yake, hekta 170 hivi, ni wazi kwa watu wote na bila malipo. Ndani huingii ila kwa matembezi yanayoongozwa, na mwishoni mwa wiki harusi hufungwa humo mara kwa mara, kwa hiyo uliza mapema. Tembea upande wa kaskazini, kwenye kisiwa cha Venus, ambako vitalu vya maua vimepangwa kwa mikunjo kama nakshi ya zulia. Kutoka mwisho wake geuka nyuma ulitazame kasri likiwa limesimama juu ya mstari wa maji.

Kwa kurudi usirejee Lüdinghausen. Stesheni ya Capelle iko kilomita chache mashariki, na treni ya RB50 kutoka hapo huenda Münster moja kwa moja. Angalia saa yake kabla ya kukaa chini kwa keki.

Siku ya pili: Burg Hülshoff na Rüschhaus

Panda RB63 kutoka Münster hadi Havixbeck ukiwa na baiskeli, kisha rudi Münster kwa kuendesha. Havixbeck ndiko lilikotoka lile jiwe la rangi ya asali, na makumbusho madogo ya jiwe la mchanga yaliyopo mjini yanafaa kwa nusu saa, hasa kwa anayependa kuona mikono ya mafundi.

Burg Hülshoff ni nyumba ya Renesansi ya karne ya 16 juu ya kisiwa cha mraba. Umaarufu wake umetokana na mtoto mmoja aliyezaliwa humo mwaka 1797: mshairi Annette von Droste-Hülshoff, ambaye Wajerumani waliomaliza shule wanamjua wote, na ambaye sura yake ilichapwa kwenye noti ya mark 20 kabla ya euro. Leo mahali hapa ni kituo cha fasihi, na mara nyingi bustanini husomwa maandishi mapya. Zunguka maji, tazama bata na minara, kisha uanze safari kuelekea Rüschhaus kwa kufuata Lyrikweg, njia ya kilomita saba hivi inayounganisha nyumba hizo mbili alizoishi mshairi, ikipita mashamba na vichaka alivyovitembea yeye mwenyewe.

Rüschhaus ni ndogo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Schlaun aliijenga kati ya mwaka 1745 na 1749 kwa ajili yake mwenyewe, baada ya maisha ya kuwajengea wakubwa. Ukiikaribia kutoka uani, unaona nyumba ya mkulima wa Münsterland, yenye mlango mkubwa wa kupitisha gari la nyasi na paa linaloshuka chini pande zote mbili. Ukizunguka hadi upande wa bustani, nyumba hiyohiyo imekuwa kasri dogo la baroki, lenye ngazi, madirisha marefu na vitalu vilivyopangwa kwa ulinganifu. Paa ni moja, ilhali heshima ni mbili, na mjenzi hakuona haya kwa upande wowote.

Annette alihamia hapa mwaka 1826 pamoja na mama yake na dada yake, baba alipofariki na Hülshoff ikaenda kwa kaka. Vyumba vyake viko kwenye ghorofa ya kati, penye dari ya chini sana. Mwenyewe aliviita nyumba yake ndogo ya konokono. Utaingia tu na mwongozaji, kwa Kijerumani mara nyingi, lakini hata asiyejua lugha ataelewa atakapoinamisha kichwa mlangoni na kuona jinsi mtu mwenye mawazo mapana hivyo alivyokaa mahali pembamba hivyo. Uliza kama kipo kikaratasi cha maelezo kwa lugha nyingine.

Kutoka Rüschhaus hadi katikati ya Münster ni safari fupi. Malizia mbele ya kasri la mji, lililoanzwa na huyohuyo Schlaun mwaka 1767 kwa ajili ya askofu mtawala na kumalizwa mwaka 1787, baada ya kifo chake. Mabomu ya vita vya pili vya dunia yaliacha kuta tu. Lilijengwa upya na sasa ni makao ya chuo kikuu. Nyuma yake kuna bustani ya mimea, na kuingia ni bure.

Siku ya tatu, na ya nne ukiweza: magharibi

Huku gari ndilo linalofaa, kwa kuwa Raesfeld na Anholt hazina stesheni. Anza na Schloss Lembeck, ambalo reli hufika karibu yake, na ukiwahi Mei au mwanzo wa Juni utakuta bustani yake ya rododendroni imewaka zambarau na waridi chini ya miti mirefu. Kisha nenda Raesfeld. Alexander von Velen, jemadari aliyetajirika katika Vita vya Miaka Thelathini, alilijenga upya kasri hili kuanzia mwaka 1643, vita vikiwa bado havijaisha, na mnara wake wenye paa lililopandana kwa ngazi unafika mita 50 na zaidi. Siku hizi ni chuo cha mafundi, na msitu wa zamani wa kufugia wanyama wa kuwinda ulio nyuma yake ni mzuri kwa watoto kukimbia.

Anholt ipewe siku yake, au angalau alasiri nzima. Iko Isselburg, hatua chache kutoka mpaka wa Uholanzi, na ni mali ya wakuu wa Salm-Salm hadi leo. Vita viliivunja vibaya mwaka 1945, na ukoo ukaijenga tena kwa mfululizo wa miaka. Tofauti na makasri mengi ya Münsterland, ambayo vitu vyake viliuzwa au kutawanywa, hapa samani, mazulia ya ukutani, vyombo vya kauri na picha vimebaki ndani ya nyumba moja. Miongoni mwa picha hizo kuna moja ya mchoraji Mholanzi Rembrandt ya mwaka 1634, inayomwonyesha mungu wa kike Diana akioga pamoja na wanawake wake msituni. Kuiona ikiwa imetundikwa katika nyumba ya ukoo, mashambani, mbali na foleni za miji mikubwa, ni sababu tosha ya kuendesha gari hadi huku.

Ndani huingiwa na mwongozaji, na matembezi ya mwisho huanza mapema kuliko saa ya kufungwa iliyoandikwa getini, basi fika kabla ya saa nane mchana. Ukikuta kundi limeshaondoka, nunua tiketi ya lifuatalo, kisha pita daraja kuelekea bustani na uyazunguke maji taratibu. Mzunguko mzima utaisha wakati zamu yako ya kuingia inapokaribia.